Sheria Ndogo za Kijiji

Wasomaji wetu wa Kyela wajua jinsi mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo ifurikavyo wakati wa masika, ikachukua mpunga na kingo pamoja. Kwa hiyo vijiji hutaka kutenga mahali pa kulima na mahali pa malisho, na kuikinga mito. Ni vema, hata Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ukingo wa mto au ufuko wa ziwa.

Lakini twaona wengi hukosea jambo moja. Neno la mwenyekiti barazani si sheria bado, hata likipigiwa makofi. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, halmashauri ya kijiji huandika mswada, huita mkutano mkuu wa wanakijiji waujadili, kisha huupeleka Halmashauri ya Wilaya. Ukikubaliwa huko, ndipo uwapo sheria ndogo. Basi mtu akitozwa faini kwa kuchunga ng'ombe mahali palipokatazwa na kijiji, yafaa aulize kwa adabu: ni sheria ndogo ipi, na Wilaya iliikubali lini? Na asiyepewa stakabadhi aulize mara mbili.