Mtindio wa Ubongo: Kuzitambua Aina Zake na Kumsaidia Mtoto Mapema

Huko Kwakoa, katika nchi tambarare iliyo chini ya Milima ya Upare, mtoto aweza kutimiza miezi kumi asiweze kuketi. Nyumbani husemwa kuwa ni mvivu, au amerogwa, au mamaye alivunja mwiko akiwa mjamzito. Maneno hayo huichelewesha familia kufika zahanati, na miezi inayopotea ndiyo ambayo ubongo wa mtoto hujifunza kwa wepesi zaidi.

Maana na chanzo

Mtindio wa ubongo ni ulemavu wa kudumu wa mwendo na mkao, unaotokana na dosari au jeraha katika ubongo unaokua. Jeraha lenyewe haliongezeki, ingawa athari zake hubadilika kadiri mtoto akuavyo. Ulemavu huu hauambukizi. Daktari William John Little wa London aliuhusisha na uzazi mgumu na kuzaliwa kabla ya wakati mnamo mwaka 1861. Leo yajulikana pia kwamba huweza kuletwa na maambukizi ya mama mjamzito, umanjano mkali wa mtoto mchanga, homa ya uti wa mgongo na malaria iliyofika ubongoni. Kwa watoto wengine chanzo hakipatikani.

Aina zake

1. *Mkakamao.* Ndiyo aina iliyo nyingi kuliko zote. Misuli hukaza, na miguu huweza kupishana kama mkasi. Huathiri mkono na mguu wa upande mmoja, au zaidi miguu yote miwili, au viungo vyote vinne.

2. *Miondoko isiyotawalika.* Mikono, miguu na uso hujipinda au kutikisika bila mtoto kukusudia. Umanjano uliokosa tiba ni miongoni mwa vyanzo vyake.

3. *Kuyumba.* Mtoto hukosa mizani, na mkono hutetemeka aunyooshapo kushika kitu. Aina hii ni adimu.

4. *Mchanganyiko.* Dalili za aina mbili au zaidi hukutana kwa mtoto mmoja.

Aina haipimi akili. Mtoto asiyeweza kutamka neno aweza kuelewa yote yasemwayo mbele yake; kwa hiyo azungumzishwe na kufundishwa.

Dalili za kupeleka zahanati

Mtoto apelekwe iwapo shingo haijakaza akiwa na miezi minne, haketi bila kushikwa akiwa na miezi tisa, anatumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka, au mwili wake ni mkavu mno au mlegevu mno. Mhudumu asimwambie mama asubiri tu. Ampime mtoto, aandike katika kadi ya kliniki, kisha ampe rufaa. Kwa ukanda huu rufaa huweza kufika hadi Hospitali ya KCMC, Moshi.

Matunzo

Hakuna dawa inayoliponya jeraha la ubongo, lakini mengi yanayofuata huzuilika. Mtoto alishwe akiwa ameketi wima, kichwa kikiinama mbele kidogo. Kumlisha akiwa chali hupitisha chakula katika njia ya hewa, na nimonia itokanayo nayo huweza kuua. Abadilishwe mkao mara kwa mara ili viungo visikauke. Mazoezi yafuate maelekezo ya mtaalamu, maana kuvuta kiungo kwa nguvu huumiza na huweza kuvunja mfupa. Mwenye kifafa asiachishwe dawa ghafla.

Kinga

Mama ahudhurie kliniki, ajifungulie kituoni, na mtoto mchanga mwenye umanjano apelekwe siku ileile. Chandarua na chanjo humlinda dhidi ya malaria na baadhi ya homa za uti wa mgongo.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya mtoto huyu kupata elimu na matibabu. Haki hiyo huanzia mlangoni pa nyumba, siku anapotolewa chumbani na kupelekwa zahanati.