Kidonda Kisichofunga kwa Mwenye Ualbino: Ya Kufanya na Kutofanya

Nawaandikia watu wenye ualbino wa Mbweni, Boko na Bunju, pamoja na ndugu zao.

Kidonda cha usoni, sikioni, mdomoni au shingoni kikipita mwezi bila kufunga, nenda hospitali. Usingoje maumivu. Kansa ya ngozi mara nyingi haiumi mwanzoni.

Usikimwagie unga wa vidonge vya rangi mbili. Usikichome na maji ya betri.

Usikatiwe uchochoroni na muuza dawa. Kinyama kilichotupwa kwenye ndoo hakina majibu. Kila kinachokatwa kiende maabara, hata kiwe kidogo kama punje ya mtama.

Ukipewa rufaa ya Muhimbili au Ocean Road, nenda wiki hiyo hiyo. Kansa ikiwa bado ndogo, mara nyingi unachomwa ganzi ya mahali hapo tu, unapasuliwa ukiwa macho, na jioni unalala kwako. Ikishakula sikio au kufika kwenye tezi za shingo, mambo yanakuwa mengine: nusu kaputi, kupandikizwa ngozi, na pengine wiki kadhaa za mionzi.

Usimsihi daktari akate kidogo ili uso usiharibike. Kansa ina mizizi isiyoonekana kwa macho, ndiyo maana daktari huondoa na ukingo wa ngozi nzima, mara nyingi milimita 4 hadi 6. Kovu utalizoea. Kansa iliyobaki ndani itarudi.

Fuata majibu! Hapa ndipo tunapowapoteza watu. Nyuzi zimetolewa, kidonda kimekauka, nauli imeisha, basi mtu hatii tena mguu kliniki. Kumbe karatasi ya maabara ndiyo inayosema kama kingo ni safi au akatwe tena.

Baada ya hapo, ngozi yote ikaguliwe na daktari, utosini hadi unyayoni, kila miezi michache. Aliyewahi kupata kansa moja ya ngozi yuko hatarini kupata nyingine.

Jikinge na jua: vaa mikono mirefu na kofia pana. Paka Kilisun, inayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino, na urudie kupaka kila baada ya saa 2. Usimtume mtoto mwenye ualbino pwani saa sita mchana kuanika dagaa.

Nanyi wenye magari mnaoshuka mjini kila alfajiri, siku ya kliniki ya jirani yenu mpakieni.