Ibane Kaunti Kuhusu Zimamoto Kabla Moto Haujazuka

Soko la Gikomba, Nairobi, lilipoungua tarehe 28 Juni 2018, watu 15 walipoteza maisha. Lilikuwa limeungua kabla ya siku hiyo, na limeungua tena baada yake. Kila mara wafanyabiashara huuliza mambo yaleyale: gari la zimamoto lilifika saa ngapi, na mbona maji yaliisha? Wana haki ya kuuliza. Lakini siku ya maafa kiongozi hujibu kwa rambirambi na ahadi, na wiki ya pili kila mtu amerudi kutafuta mtaji. Maswali hayo yaulizwe mapema, kwa maandishi, kwa mtu anayelazimika kujibu. Kamati ya soko, chama cha wakazi wa mtaa au hata diwani mgeni bungeni anaweza kuifanya kazi hii bila wakili.

Anza kwa kujua wa kuulizwa. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti huduma za kuzima moto na kukabiliana na majanga. Kwa hiyo barua ya zimamoto haiendi kwa chifu wala kwa mbunge wa kitaifa. Anayejibu ni gavana pamoja na waziri wa kaunti anayesimamia idara hiyo. Anayemhoji kwa niaba yako ni bunge la kaunti: Kifungu cha 185 kimelipa kazi ya kuisimamia serikali ya kaunti, na Kifungu cha 195 kimelipa mamlaka kama ya Mahakama Kuu ya kumwita shahidi, kumhoji kwa kiapo na kumtaka alete stakabadhi. Diwani akikwambia kwamba yeye kazi yake ni kuomba tu, mfungulie ukurasa huo mkausome pamoja.

Sasa, uulize nini? Wengi huuliza idadi ya magari. Hilo ndilo swali ambalo viongozi hulipenda kuliko yote, kwa sababu gari jipya linazinduliwa, linapigwa picha, na jibu lake ni namba moja. Mimi ningeanza na maji.

Fanya hesabu hii mezani na wenzako. Tuseme gari linafika likiwa na lita 10,000, na wazimamoto wanafungua mipira miwili, kila mmoja ukitoa lita 500 kwa dakika. Baada ya dakika 10 tangi limekwisha. Kama hakuna mahali pa kujaza karibu, gari linaondoka moto ukiwa bado unawaka, na hapo ndipo watu hurusha mawe wakidhani wazimamoto wamekimbia. Gari la pili haliondoi tatizo, linaongeza dakika 10 nyingine. Kinachoondoa tatizo ni bomba la zimamoto lililo kando ya barabara, lenye maji, lenye nguvu ya msukumo, na linalofikika.

Kwa hiyo tembeeni mtaani mchana kweupe mkiyatafuta mabomba hayo. Mengine ni nguzo fupi za chuma zilizopakwa rangi nyekundu, mengine yamo chini ya kifuniko cha chuma barabarani. Kila mnaloliona lipigeni picha, andikeni liko karibu na duka gani au kituo gani cha matatu, na hali yake: limefunikwa na lami, limejengewa kibanda juu yake, limeng'olewa mdomo, au liko sawa. Msilifungue wenyewe. Orodha hiyo ipelekwe sehemu mbili kwa pamoja, idara ya zimamoto na kampuni ya maji ya kaunti, kwa sababu mara nyingi mmoja humsukumia mwenzake: zimamoto wanasema mabomba ni ya kampuni ya maji, kampuni inasema haijaarifiwa. Zikipokelewa nakala mbili zenye mihuri ya tarehe moja, hakuna tena wa kusema hakujua. Swali la kuambatanisha ni moja: kila bomba katika orodha hii lilipimwa nguvu ya maji mara ya mwisho lini, na nani alitia sahihi?

Baada ya maji, muda. Usikubali kupewa wastani. Simu tano zilizofikiwa haraka katikati ya jiji zinaweza kuficha moja ya mtaa wa Mukuru iliyofikiwa baada ya nyumba zote kuteketea. Uliza hivi: katika kila simu kumi kutoka wadi yetu, tisa zilifikiwa ndani ya dakika ngapi? Taka pia muda huo ugawanywe. Kiwango cha Marekani kinachotumiwa na mafundi wengi wa fani hii, NFPA 1710, kinawapa wazimamoto sekunde 80 kuvaa na kuondoka kituoni, na gari la kwanza dakika 4 za njiani. Sio sheria ya Kenya, na anayeijua Jogoo Road saa kumi na moja jioni hawezi kuidai kesho asubuhi. Faida yake ni ule mgawanyo. Kama muda unapotelea kituoni, tatizo ni watu, mafuta au injini. Kama unapotelea njiani, tatizo ni umbali wa kituo, au vibanda vilivyoziba barabara ya kuingilia, na hilo la vibanda kamati ya soko inaweza kulianza yenyewe wiki hii.

Watu nao wahesabiwe kwa zamu. Kaunti inaweza kuwa na wazimamoto wengi kwenye orodha ya mishahara, na usiku wa Jumapili kituoni wakawepo watatu. Kiwango hicho cha NFPA kinataka wasiopungua wanne kwa gari moja. Uliza wangapi walikuwa zamu katika tarehe fulani ya usiku unayoitaja wewe, wangapi wana mitungi ya hewa ya kupumulia, na mitungi hiyo hujazwa wapi. Mzimamoto asiye na hewa haingii kwenye moshi, na asiyeingia hamtoi mtoto aliyebaki chumbani. Hawa ni watu wanaotaka kufanya kazi yao. Nendeni kituoni, mkaribishwe, msikilize. Mara nyingi mkuu wa kituo ameshaandika mahitaji yaleyale mnayoyadai, na barua yake inahitaji tu mwenzake kutoka nje.

Kuhusu ukaguzi wa majengo, nina wasiwasi mmoja ambao ningependa kila kamati iuchukue. Cheti cha zimamoto kinalipiwa, na kaunti nyingi huhesabu ada hiyo kama mapato. Mkaguzi anayepimwa kwa pesa alizoleta hana sababu ya kumnyima mtu cheti. Ndiyo maana swali la kuuliza ni hili: mwaka uliopita ni majengo mangapi yalikaguliwa na kunyimwa cheti, na ni mangapi kati yake yalirudiwa kukaguliwa? Kama jibu ni sifuri, pesa zilikusanywa lakini ukaguzi haukufanyika. Kwa majengo ya kazi kuna pia Kanuni za Kupunguza Hatari ya Moto za mwaka 2007, zinazotaka mazoezi ya kuokoka moto angalau mara moja kila miezi 12. Muulize mwenye jengo daftari la mazoezi hayo kabla hujaiuliza kaunti.

Njia ya kuyapata majibu hayo ni Sheria ya Upataji Habari ya 2016. Ombi lako linaweza kuandikwa kwa Kiswahili, sheria yenyewe inasema hivyo, na hulazimiki kueleza sababu. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Habari ikihusu uhai wa mtu, muda unashuka hadi saa 48. Itumieni njia hiyo pale hatari ilipo dhahiri, mfano bohari la gesi katikati ya nyumba za watu, msiichoshe kwa mambo ya kawaida. Barua iwe fupi na itaje karatasi mnayoitaka. Mfano:

“Tunaomba nakala ya kurasa za daftari la matukio (OB) la kituo chenu cha zimamoto kuanzia 1 Januari hadi 31 Machi mwaka huu, zinazoonyesha kwa kila tukio saa simu ilipopokelewa, saa gari lilipoondoka, saa lilipofika na saa maji yalipoanza kutoka. Majina na nambari za simu za waliopiga zifutwe.”

Linganisha barua hiyo na ile inayosema “tunataka kujua utayari wa kaunti”. Ya pili hujibiwa kwa kurasa tatu za sifa. Ya kwanza hujibiwa kwa daftari, au kwa kukiri kwamba daftari halijazwi, na kukiri huko nako ni habari kubwa. Wakinyamaza au wakikataa, mna siku 30 za kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu huiita Ombudsman, kuomba uamuzi upitiwe upya. Hapo pia hamhitaji wakili.

Pesa zina kalenda yake, na ukichelewa siku moja umeshachelewa mwaka mzima. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bungeni kufikia 1 Septemba. Taarifa ya sera ya fedha, inayogawa viwango kati ya idara, ni kufikia 28 Februari. Makadirio ya bajeti ni 30 Aprili, na mwaka mpya wa fedha unaanza 1 Julai. Wengi hujitokeza kwenye vikao vya maoni vya Mei wakati viwango vya idara vimeshafungwa tangu Februari. Nendeni Februari. Mkipewa kitabu cha makadirio, tafuteni mstari wa zimamoto upande wa matumizi ya kawaida, si upande wa maendeleo peke yake: mafuta, magurudumu, mipira, mavazi, mafunzo. Gari lililonunuliwa kwa mamilioni bila pesa za magurudumu litasimama kituoni.

Kisha fuatilieni bajeti ya ziada, maana humo ndimo pesa za zimamoto huhamishwa kimyakimya kwenda kwingine. Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti za kila robo mwaka huonyesha kilichotengwa na kilichotumika, na za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huonyesha kama kilichonunuliwa kipo. Zote hutolewa kwa umma.

Mkishapata karatasi, pelekeni ombi rasmi kwa bunge la kaunti chini ya kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Lipelekwe kwa karani wa bunge, likiwa na sahihi, viambatisho na pendekezo moja au mawili yanayotekelezeka: mabomba haya 12 yafufuliwe, njia hii ya soko ifunguliwe upana wa gari. Muulizeni karani ombi limekabidhiwa kamati gani na siku ya mwisho ya kamati kuripoti ni ipi. Siku ya kikao jazeni viti. Vikao vya kamati ni vya wazi kwa mujibu wa Kifungu cha 196 cha Katiba.

Kuna hatari nyingine zinazopita mipaka ya kaunti. Mlipuko wa gesi wa Embakasi, usiku wa 1 Februari 2024, ulitokea mahali ambapo EPRA, mamlaka ya kitaifa ya nishati, ilisema ilikuwa imekataa maombi ya kibali mwaka 2023. Hapo swali kwa kaunti ni hili: mamlaka ya kitaifa ikimkatalia mtu kibali, nani katika kaunti huarifiwa, na nani huenda kuhakikisha pamefungwa? Takeni jina la ofisi na utaratibu ulioandikwa.

Maswali yabadilike pia kulingana na mji. Lamu vichochoro havipitishi gari, basi kuuliza idadi ya malori huko ni kupoteza kikao. Ulizeni pampu za kubebeka, urefu wa mipira kutoka ufukweni, na vijana wangapi wa mtaa wamefunzwa kuitumia.

Wasomaji wa Tanzania wana njia tofauti. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, la nambari 114, ni la taifa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, kwa sheria ya 2007, kwa hiyo baraza la madiwani haliwezi kulisimamia. Maswali ya magari na askari hupitia kwa mbunge. Lakini mpangilio wa soko, upana wa njia na vibali vya ujenzi viko mikononi mwa halmashauri, na hayo diwani wako anaweza kuyahoji kwenye kikao kijacho cha baraza.