Tabibu na Lugha ya Mgonjwa



Mwenye kuiacha nyumba yake akaenda nchi ya mbali kuwatibu watu kwa kujitolea, ujira wake uko kwa Mola wake. Lakini nia njema peke yake haitoshi. Somo letu ni hili: tabibu asiyejua lugha wala ada za watu, atawatibu vipi?

Na tutazame yaliyotokea Guinea, Sierra Leone na Liberia katika maradhi ya Ebola, baina ya 2014 na 2016. Waliokufa walizidi 11,000. Madaktari na wauguzi wa kujitolea walitoka pande nyingi za dunia, na Wakenya walikuwamo, waliotumwa kwa njia ya Umoja wa Afrika. Wenyeji wengi hawakujua Kiingereza wala Kifaransa. Waliona mtu aliyejifunika toka utosini hata nyayoni, uso hauonekani, asemayo hayafahamiki, amemchukua mzee wao, na mzee hakurudi. Ikaenea khabari kuwa wageni ndio waletao maradhi. Septemba 2014, katika kijiji cha Womey huko Guinea, watu 8 wa msafara uliokwenda kuwafundisha watu juu ya maradhi hayo waliuawa. Dhulma hiyo haina udhuru. Lakini mwenye akili huuliza: khofu ile ilizaliwa na nini?

Zito zaidi lilikuwa jambo la maiti. Maiti wa Ebola huambukiza, na kumwosha kwa mikono kuliwaua wengi. Basi maiti akatiwa mfukoni, akazikwa bila ya kuoshwa na bila ya jamaa zake. Waislamu, nao ndio wengi Guinea na Sierra Leone, wakaona ndugu yao hakutendewa haki yake ya sharia. Wako walioficha maiti, na maradhi yakazidi kuenea.

Dawa ya hayo haikuwa ndani ya chupa. Novemba 2014 Shirika la Afya la Dunia, baada ya kushauriana na watu wa dini, Waislamu na Wakristo, lilitoa utaratibu mpya: jamaa waulizwe, washuhudie maziko na kumwombea maiti wao, na maiti Mwislamu atayamamishwe, hata juu ya mfuko, na astiriwe kwa sanda. Nasi twajua kuwa hukumu hii haikuzuliwa kwa ajili ya Ebola. Mafakihi walikwisha kusema zamani kuwa maiti asiyewezekana kuoshwa, kama aliyeungua, hutayamamishwa. Ilimu ilikuwapo, kilichokosekana ni kuulizana.

Sasa tujitazame sisi. Katika kambi za matibabu hapa kwetu pwani huja Muorma au Msomali asiyejua Kiswahili vizuri. Wako wanaomcheka, na wako wanaomfanya mtoto wake mkalimani, mama akaona haya kutaja maradhi ya siri mbele ya mwanawe. Ugonjwa usiosemwa hautibiwi.

Mtume (S.A.W.) alimwamrisha Zaid bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, ili asiwe na haja ya kumtegemea asiyemwamini. Basi kijana anayetaka kujitolea na ajifunze kwanza maamkizi ya watu na majina ya maumivu kwa lugha yao. Atafute mkalimani mtu mzima, mwaminifu, na mwanamke kwa wanawake. Na aulize kabla ya kuamrisha. Nasi tunaotibiwa, likitufika zito, tuwaulize wanavyuoni kabla ya kuficha mgonjwa au maiti.

Wabillahi tawfiq.