Kushinda Majaribu Wakati wa Kwaresima

Somo: Mathayo 4:1-11



Kutoka Jumatano ya Majivu hata mkesha wa Pasaka ni siku 46. Tukiziondoa Jumapili 6, kwa sababu kila Jumapili twakumbuka kufufuka kwa Bwana, zabaki 40, kama siku alizofunga Yeye nyikani. Tulitazame somo hili kwa mambo matatu.

Kwanza, majaribu yalikuja mara baada ya Bwana kubatizwa katika Yordani, na ni Roho aliyempeleka nyikani. Kwa hiyo mtu akijaribiwa asidhani kwamba Mungu amemwacha. Kujaribiwa si dhambi. Dhambi ni kukubali.

Pili, Ibilisi alianza na mkate, kitu chema, kwa mwenye njaa. Majaribu yetu mengi huja hivyo hivyo, kwa njia ya haja ya kweli. Mtunza sadaka huazima kidogo anunue dawa ya mtoto, akikusudia kurudisha mwisho wa mwezi. Mwezi wa pili huazima tena. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tatu, Bwana alijibu mara zote tatu kwa maneno ya Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8. Lakini angalieni: Ibilisi naye alitaja Maandiko, Zaburi ya 91. Basi kukariri aya hakutoshi. Bwana aliyajua Maandiko, tena aliyatii.

Hapa twaungama kosa letu. Kwaresima moja tuliacha sukari siku zote 40, wala hatukuonja. Lakini na jirani yetu hatukuwa tukisemezana, kwa ajili ya mpaka wa shamba. Tulifunga kinywa kisile, hatukufunga moyo usichukie. Katika Juma Takatifu tukasoma Mathayo 5:23-24, tukaona haya kukaribia Meza ya Bwana. Jumamosi jioni tukaenda kwake. Tulisimama mlangoni tusijue la kusema, naye akatuletea kiti. Mpaka haukusogea hata hatua moja, lakini asubuhi ya Pasaka tulikwenda kanisani pamoja.

Luka 4:13 yatuonya kwamba Ibilisi alimwacha Bwana kwa muda tu. Basi Pasaka ikipita, tuendelee kukesha na kusali. Ndivyo mtu akuavyo kiroho, kidogo kidogo, kama mtoto ajifunzaye kutembea.

Maswali ya kujiuliza nyumbani:

1. Ni ufa gani mdogo ninaouacha bila kuuziba?
2. Je, nimeacha chakula tu, au na chuki pia?
3. Ni nani ninayepaswa kumwendea kabla ya Pasaka?

Bwana atusaidie sote. Amina.