JIFUNZE UFUNDI: Kuimarisha Usukani na Springi za Mbele za Volkswagen Beetle

Huenda nyumbani kwenu kuna Beetle ambayo baba au babu aliiacha chini ya mwembe. Injini bado inawaka, bodi haijaoza sana, na sasa mmeamua kuirudisha barabarani. Lakini ikifika kilomita 60 kwa saa inaanza kuvuta huku na huku, na usukani unatetemeka mikononi. Wengi hapo hukimbilia dukani kununua shoki mpya na springi za kuinua gari. Pesa zinaisha, na gari bado linayumba.

Somo la leo ni la mwenye gari wa kawaida na la fundi kijana wa jua kali. Funzo kuu ni moja: ondoa uchakavu kwanza, ndipo uboreshe. Kifaa kipya kikifungwa juu ya kilicholegea hakileti usalama. Huficha hatari tu.

Beetle si gari dhaifu. Ilishinda mbio za Safari katika mwaka wa 1954, 1957 na 1962, kwenye barabara za vumbi na matope. Kilichoisaidia ni mbele yake rahisi na imara, mradi itunzwe.

1. Ijue mbele ya gari lako

Mbele ya Beetle ya kawaida kuna mabomba mawili ya chuma yaliyolala kutoka kushoto kwenda kulia, moja juu ya jingine. Mafundi huyaita bimu. Ndani ya kila bomba kuna bapa za chuma zilizofungwa katikati. Gurudumu likipanda tuta, mikono miwili inayolishikilia huzipinda bapa hizo, nazo hujirudisha. Hizo ndizo springi zake. Hutaona springi ya kuzunguka hapo.

Kuna aina mbili za bimu. Magari yaliyoundwa kabla ya Agosti 1965 hutumia kingipini na linki-pini. Yaliyofuata hutumia boli-jointi. Shoki zake hazifanani, na hata nafasi kati ya mabomba mawili ni tofauti. Kwa hiyo ukiuziwa bimu ya boli-jointi ili uifunge kwenye gari la kingipini, fahamu kwamba kichwa cha chesisi kitahitaji kukatwa na kubadilishwa. Hiyo si kazi ya kufanyiwa kando ya barabara. Kuna pia Beetle za 1302 na 1303 zenye springi za kuzunguka mbele. Hizo hazimo katika somo hili.

Usukani nao hupitia boksi lenye gia, kisha mkono mfupi, kisha tairodi mbili zisizolingana urefu, moja kwa kila gurudumu. Kuna pia shoki ndogo ya usukani inayozuia mtetemo.

2. Pima kabla ya kununua

Anza na upepo wa tairi, kwa maana hauna gharama kubwa. Injini ya Beetle iko nyuma, hivyo tairi za mbele hubeba uzito mdogo. Kwa tairi za kawaida za gari hili, presha ni takriban 16 mbele na 24 nyuma likiwa na watu wawili. Ukijaza 30 kote kama gari jingine, mbele itaruka na kutangatanga hata kama kila kifaa ni kipya.

Pili, gari likiwa chini na magurudumu yakitazama mbele, sukuma ukingo wa usukani kwa kidole taratibu. Ukisogea zaidi ya milimita 25 kabla ya magurudumu kuanza kugeuka, kuna mahali palipolegea. Mwombe mwenzako autikise usukani huku wewe ukichungulia chini. Ikiwa shina la usukani linazunguka na mkono wa boksi hausogei, ulegevu uko ndani ya boksi. Ikiwa mkono unasogea lakini tairodi inachelewa, ncha ya tairodi imekwisha.

Tatu, ziba magurudumu ya nyuma kwa mawe au vipande vya mbao, inua mbele kwa jeki, kisha weka stendi imara chini ya bimu. Usiingie kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki huku ukiendelea kulitikisa. Mchezo ukiisha, tatizo ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, tatizo ni kingipini, linki-pini au boli-jointi. Jaribio hili la dakika moja huokoa pesa nyingi.

Andika matokeo yote kwenye karatasi. Fundi mwaminifu atafurahi kuiona.

3. Rekebisha kilichochakaa

Kwenye bimu ya kingipini, tafuta chuchu zote za grisi: kwenye kingipini, kwenye linki-pini na kwenye mabomba. Ingiza grisi magurudumu yakiwa hewani. Gari likiwa chini, uzito hubana pini na grisi haifiki pale panapohitajika. Endelea hadi grisi chafu itoke na ile safi ionekane.

Beringi za magurudumu zisikazwe kupita kiasi. Beringi iliyobanwa sana hupata moto na kufa mapema. Iliyolegea humfanya dereva asielewe gari linakoelekea. Kumbuka pia kwamba nati ya beringi upande wa kushoto ina uzi wa kinyume. Vijana wengi wameharibu uzi huo kwa kuufungua kwa nguvu upande usiofaa.

Ncha za tairodi zilizolegea hubadilishwa, hazitengenezwi. Boksi la usukani linaweza kurekebishwa kidogo, lakini uwe mwangalifu. Meno yake huchakaa zaidi pale katikati, kwa sababu gari huenda moja kwa moja muda mwingi. Ukikaza skrubu mpaka ulegevu wote wa katikati uishe, usukani unaweza kukwama unapokata kona. Boksi likifika hapo limezeeka. Tafuta jingine zuri.

Ikiwa mikono ya magurudumu inacheza ndani ya mabomba, bushi na beringi za bimu zimekwisha. Kazi hii inahitaji karakana yenye vifaa vya kung'oa na kusawazisha. Usikubali bushi ipigwe nyundo ndani na kuachwa hivyo.

4. Sasa boresha

Mbele ikishakuwa imara, maboresho haya matatu yanafaa barabara zetu.

Shoki nzuri za gesi. Husaidia tairi kushika barabara ya murram yenye mawimbi. Hakikisha ni za aina ya bimu yako, na zisiwe ngumu kiasi cha kulifanya gari jepesi liruke kila shimo.

Shoki mpya ya usukani. Inapunguza mtetemo. Hata hivyo, ukiifunga kabla ya kubadilisha ncha za tairodi, utakuwa umemnyamazisha anayepiga kamsa huku mwizi akiwa bado ndani.

Fimbo nene ya kuzuia kuinama. Hupunguza gari kulala kwenye kona, jambo linaloisaidia Beetle ya zamani ambayo nyuma yake huwa na tabia ya kuinuka ikikatwa kona kwa kasi. Hasara yake ni kwamba gurudumu moja likiingia shimoni, mshtuko hupelekwa kwa lile jingine. Kama safari zako nyingi ni za barabara mbovu, ile fimbo ya asili inatosha.

5. Mtego wa kuinua gari

Hili ndilo kosa linaloleta majuto zaidi. Mwenye gari anataka Beetle iliyoinuka ili ipite kwenye mashimo. Bimu inakatwa katikati, inazungushwa kidogo na kuchomelewa. Gari linapendeza kwa macho.

Tazama kinachotokea chini. Mikono ya magurudumu hupanda na kushuka bila kwenda kando. Tairodi, kwa upande wake, huchora upinde kwa sababu ncha yake ya ndani imeshikiliwa. Gari likiwa kwenye kimo chake cha kawaida, tairodi hukaribia kulala, na tofauti ya mienendo hiyo miwili ni ndogo. Ukiliinua sana, tairodi husimama mshazari. Sasa kila gurudumu linapopanda tuta, tairodi hulivuta au kulisukuma, na gari hujigeuza lenyewe bila dereva kugusa usukani. Kwenye tuta la mjini utahisi mtikiso tu. Kwenye barabara kuu, huku lori likija mbele yako, ni jambo la uhai na kifo.

Ukitaka kuinua, inua kidogo, kisha upelekee gari alainimenti siku hiyo hiyo. Mara nyingi tairi nzuri zenye kimo kinachofaa hutosha.

Kuna hatari nyingine: tangi la petroli la Beetle liko mbele, juu kidogo ya bimu. Kabla ya kuchomelea chochote hapo, tangi liondolewe kabisa na kupelekwa mbali. Kulimwaga petroli hakutoshi, kwani mvuke uliobaki ndani hulipuka.

Na kanuni isiyo na mjadala: tairodi, mkono wa usukani au shina la gurudumu lililopinda halinyooshwi kwa moto wala kuchomelewa. Linatupwa. Kadhalika, pini za kufungia nati na nati za kujikaza hutumika mara moja tu.

6. Kabla ya kurudi barabarani

Pima alainimenti kwa kufuata kitabu cha mwaka wa gari lako. Lijaribu kwa mwendo wa chini mahali pasipo na watu, kisha kaza na kukagua tena nati zote baada ya kilomita chache. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka kila gari barabarani liwe katika hali isiyohatarisha mtu. Ukibadilisha muundo wa gari, ulizia taratibu za ukaguzi za NTSA na uijulishe kampuni yako ya bima. Weka risiti na vifaa vya zamani. Vitakusaidia siku ukitaka kulirudisha gari katika hali yake ya asili.

Kwa vijana: chini ya Katiba, vyuo vya ufundi vya vijijini viko mikononi mwa serikali za kaunti. Fika katika chuo kilicho karibu nawe uulizie kozi ya umakanika. Anayejua kutafuta tatizo kabla ya kufungua spana hakosi kazi.

Maswali ya kujipima

1. Gurudumu linacheza, lakini ukikanyaga breki mchezo unaisha. Ni kifaa gani kimelegea?
2. Kwa nini grisi ya kingipini huingizwa magurudumu yakiwa hewani?
3. Kuinua gari sana kunabadilisha nini kwenye tairodi?
4. Tangi la petroli lifanyiwe nini kabla ya kuchomelea bimu?

Ukiweza kumweleza jirani majibu haya bila kusoma, uko tayari kuzungumza na fundi wako. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa usukani hujengewa ukuta hospitalini.