Sambaza, Samaki Mgeni wa Ziwa Kivu

Usiku, kando ya Ziwa Kivu, taa za wavuvi wa sambaza huonekana majini. Wavuvi hufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, hushusha wavu, huwasha taa. Sambaza hufuata mwanga. Ndipo wavu hupandishwa. Mbalamwezi ikiwa kali, hupata wachache tu.

Zamani sambaza hawakuwamo katika Kivu. Samaki wengi walikaa karibu na ukingo. Katikati ya ziwa vidudu vidogo sana vilielea, wala hapakuwa na samaki wa kuvila. Kwa hiyo, kati ya 1958 na 1960, sambaza waliletwa kutoka Ziwa Tanganika. Wakazaa sana.

Je, ilikuwa vema? Mvuvi asema: «Ndiyo. Watoto wangu wapata kitoweo, nami napata feza.» Mwenye elimu ya maziwa ajibu: «Kweli, lakini aina moja ya vidudu vile imetoweka.» Wengine waliogopa kwamba sambaza watamaliza chakula chao na kufa. Haikuwa hivyo.

Mwaka 2006 samaki mwingine wa Tanganika alionekana katika Kivu. Huyu hakuletwa kwa shauri.

Mgeni wa nyumbani huaga, akarudi kwao. Samaki mgeni haagi. Basi, yafaa watu wafikiri kabla ya kumtia ziwani.

Maulizo
1. Sambaza walitoka ziwa gani?
2. Kwa nini wavuvi huwasha taa?
3. Mvuvi na mwenye elimu wasema nini? Eleza.